SOMO KWA VYAMA: CHUJIO LA OILI NA DAFTARI LA MASHINE



Chama chenye mashine ya kusaga, trekta au lori kimekabidhiwa mali ya watu wengi. Injini ikiharibika wakati wa mavuno, hasara haiishii katika malipo ya fundi. Mazao hubaki shambani, akina mama hurudi nyumbani na mahindi yao, na mapato ya chama hukatika. Somo hili lahusu kifaa kidogo kinachoweza kutuepusha na hasara hiyo, nacho ni chujio la oili.

1. Kazi ya chujio

Pampu husukuma oili ipite katika chujio kabla ya kufika kwenye beringi. Njiani oili huchukua masizi, vumbi na chembe za chuma. Chembe nyingi zilazo beringi ni ndogo kuliko unene wa unywele, hivyo jicho haliwezi kuzihukumu.

Chujio likiziba, injini haisimami. Injini nyingi zina vali ambayo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Hapo ndipo penye hatari: mashine yaendelea kunguruma kama kawaida, kumbe inajila yenyewe. Wala tusidanganywe na rangi. Katika injini ya dizeli, oili hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa.

2. Kuchagua

Chujio hununuliwa kwa namba iliyo katika kitabu cha injini, si kwa sura. Machujio mawili yaweza kufanana kwa umbo na rangi, lakini moja likawa na tundu la milimita 20 na jingine la robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Lile la milimita 20 laweza kujisokota kwenye shina la robo tatu ya inchi, likaonekana limekaa, kisha likachomoka kwa msukumo wa oili. Injini itaishiwa oili kabla mwendeshaji hajatambua.

Tukatae chujio lililobonyea au lenye mpira uliokauka. Chujio la karatasi lililokwisha kazi lisioshwe kwa petroli wala dizeli ili lirudishwe, litupwe.

3. Kubadilisha lini?

Mwamuzi wa kwanza ni kitabu cha injini. Tuchukue mfano wa kitabu kinachoagiza kubadilisha kila baada ya saa 250 za kazi, na nusu ya muda huo penye vumbi jingi. Kinu chetu kimo katika vumbi, basi hesabu yetu ni saa 125. Kikifanya kazi saa 5 kwa siku, zamu hufika baada ya siku 25. Msimu ukiwadia kikafanya kazi saa 10, zamu hufika baada ya siku 12 na nusu. Katibu aliyezoea kubadilisha "kila mwezi" atakuwa amekiendesha kwa siku 26 za kazi, yaani saa 260, zaidi ya mara mbili ya kipimo.

Kwa hiyo tuhesabu saa, si miezi. Na kwa lori tuhesabu kilometa. Mashine isiyotumika sana nayo isisahauliwe, maana oili huharibika hata ikikaa. Tufuate kikomo cha muda kilichowekwa na kitabu.

Tena, oili mpya isitiwe juu ya chujio la zamani. Chujio hilo limehifadhi oili chafu, nayo itachanganyika na mpya mara injini iwashwapo.

4. Kufunga

Hakikisha mpira wa chujio la zamani haukubaki kwenye injini. Paka oili safi kwenye mpira mpya, kaza kwa mkono, na ufuate maelezo yaliyoandikwa kwenye chujio. Washa injini, tazama taa au saa ya msukumo wa oili, kagua uvujaji, kisha zima na upime oili upya. Oili iliyomwagwa ikusanywe katika pipa, isifike kisimani wala mtoni.

5. Wajibu wa Katibu na Halmashauri

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mashine iwe na daftari lake, lenye tarehe, saa zilizofanyika, kiasi cha oili, namba ya chujio, jina la fundi na sahihi ya Katibu. Halmashauri nayo itenge fedha na kuweka machujio ghalani kabla ya msimu. Akiba ipatikanayo kwa kuahirisha chujio si akiba. Ni deni ambalo injini italidai siku chama kinapoihitaji zaidi.

Maswali ya kujadili mkutanoni

(a) Mashine yetu imefanya kazi saa ngapi tangu chujio libadilishwe?
(b) Nani anayeandika saa hizo kila jioni?
(c) Je, namba ya chujio lililofungwa yalingana na ya kitabu?

Chama kisichoweza kujibu swali la kwanza kianze daftari leo.