Nyumba Kwanza au Toba Kwanza?

Wapo wasemao kwamba mlevi asiye na makao asipewe nyumba mpaka kwanza aache ulevi na apate kazi. Wameugeuza utaratibu. Mtu alalaye bwenini, leo kitanda hiki na kesho kile, dawa yake ataiweka wapi? Na mwajiri atamwita kwa anwani gani?

Nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, tangu mwaka 2008 imeshika kanuni ya kutanguliza nyumba. Katika mji wa Helsinki, mtaa wa Alppikatu, Jeshi la Wokovu lilikuwa na bweni la vitanda 250. (Ni Wakristo, na kwa jambo hili wastahili sifa.) Bweni hilo likageuzwa kuwa nyumba ndogo ndogo zipatazo 80, zilizokuwa tayari mwaka 2012. Mpangaji hupewa mkataba kwa jina lake na ufunguo wake, naye hulipa kodi, serikali ikimsaidia. Washauri wapo karibu, lakini kuacha pombe si sharti la kuingia.

Je, huku si kumdekeza? Hata kidogo. Mtume Muhammad (s.a.w.) naye alitanguliza chombo, kisha ndipo akataka hesabu. Abu Daud amepokea kwamba Answari mmoja alikuja kuomba. Mtume akanadi tandiko lake na bakuli lake kwa dirhamu 2: moja ya chakula cha watu wake, ya pili ya shoka. Akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia akakate kuni, asionekane kwa siku 15. Alirudi na dirhamu 10.