Kompyuta ya Nyumbani Ikiwa Nzito: Namna ya Kutafuta Sababu

Siku hizi nyumba nyingi zina kompyuta, na nyingi katika hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Mwanafunzi huandikia insha zake, mama huwekea hesabu za biashara, na wadogo hucheza. Baada ya mwaka mmoja au miwili, malalamiko huwa yale yale: kompyuta imekuwa nzito. Ukiiwasha, wangoja, ukibofya, wangoja, ukitaka kufungua faili moja tu, taa ya diski yamemeta bila kukoma na hakuna kinachotokea. Ndipo husemwa kwamba imezeeka, inunuliwe nyingine.

Naandika somo hili kuonyesha kwamba neno "imezeeka" si jibu. Kompyuta nzito ina sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu ule ule tuutumiao katika maabara: kupima, kubadili jambo moja, na kupima tena. Fedha ya kununulia kompyuta nyingine ndiyo sare, madaftari na nauli ya mtoto kwa muda mrefu. Basi yafaa tujue kwanza, ndipo tutoe.

MEZA NA CHUMBA CHA NYUMA

Mfikirie fundi wa kushona. Mbele yake ana meza, na nyuma ya duka ana chumba cha kuwekea vitambaa. Kitambaa kilicho juu ya meza hukifikia kwa mkono. Kilicho chumbani hana budi ainuke akakilete. Kompyuta nayo ina mahali pawili. Meza yake ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Humo hukaa programu zote zilizofunguliwa na kazi inayofanywa sasa hivi. Umeme ukikatika, yote yaliyomo hupotea. Chumba cha nyuma ni diski, ambamo faili hukaa hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Meza ikijaa, kompyuta haikatai kazi. Huchukua vitu visivyoguswa kwa muda na kuvipeleka kwenye diski, ili ipate nafasi. Vikihitajiwa tena, huvirudisha na kutoa vingine. Mpango huu ulianza katika kompyuta iliyoitwa Atlas, ya Chuo Kikuu cha Manchester huko Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962. Ni mpango mzuri. Lakini una gharama yake, nayo ni muda.

Tuipige hesabu. Kuchukua kitu katika kumbukumbu ya kazi huhitaji muda wa karibu nanosekunde 100. Kukitafuta katika diski ya zamani yenye sahani inayozunguka huhitaji milisekunde 10 hivi, yaani mara 100,000 zaidi. Kama kunyoosha mkono mezani kungekuwa sekunde 1, basi kwenda chumbani na kurudi kungezidi saa 27. Sasa mwaona kwa nini fundi mwenye meza ndogo na nguo nyingi hashoni: kutwa yumo njiani. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Peter Denning, alieleza hali hiyo kwa maandishi na kuonyesha dawa yake: kila programu inayofanya kazi ipate nafasi ya kutosha vitu inavyovigusa mara kwa mara, kama nafasi haitoshi wote, wengine wangoje.

KUPIMA KABLA YA KUTIBU

Katika kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11, bonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha liitwalo Task Manager. Humo utaona orodha ya programu, na kando yake safu za tarakimu. Safu tatu zatuhusu: CPU, yaani bongo la kompyuta, Memory, yaani kumbukumbu, na Disk, yaani diski. Bofya neno Memory juu ya safu yake, na programu zitajipanga, yenye kula zaidi ikitangulia.

Andika tarakimu hizo katika daftari. Nasema tena, ziandike; asiyeandika hawezi kulinganisha. Kisha soma hivi:

1. Memory ikiwa juu, tuseme zaidi ya asilimia 90, na Disk nayo ikikaa karibu na 100, meza imejaa na fundi yumo njiani.

2. Memory ikiwa chini lakini Disk iko 100, tatizo ni diski yenyewe, au kuna kazi kubwa inayoendelea, kama vile kupokea masahihisho ya Windows. Ngoja nusu saa, upime tena.

3. CPU ikiwa juu muda wote wala hufanyi kazi yoyote, tazama ni programu gani. Pengine ni virusi, au programu iliyokwama.

4. Zote zikiwa chini na kompyuta bado ni nzito, sikiliza feni na uguse upande wake. Vumbi likiziba njia ya hewa, bongo hupata joto, nalo hujipunguzia mwendo lisiungue.

Neno moja la tahadhari. Kumbukumbu kutumika nusu nzima wakati hakuna kazi si ugonjwa. Windows huweka humo vitu inavyotabiri kwamba utavitaka, na huviondoa mara nafasi inapohitajiwa. Meza tupu haina faida kwa fundi. Linalotupasa kuogopa ni meza kujaa wakati wa kazi.

MFANO MMOJA

Muhula uliopita mzazi mmoja aliniletea kompyuta ya mpakato ambayo mwanawe wa kidato cha nne aliitumia kujitayarishia mtihani. Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwambia kwamba haifai tena. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya sahani. Tulipima mbele yake, na kijana akaandika: Memory asilimia 92, Disk 100, CPU 15. Kufungua insha moja kulichukua dakika 4.

Tukapanga orodha. Wa kwanza alikuwa kivinjari cha intaneti, kikiwa na vichupo 23 vilivyo wazi. Ni vema kujua kwamba vivinjari vya leo, kama Chrome kilichotoka mwaka 2008, huendesha vichupo kwa mafungu yaliyotengwa, ili kimoja kikianguka kisiangushe vingine. Usalama huo hulipiwa kwa kumbukumbu. Tulivihifadhi vichupo vyenye masomo katika orodha ya vipendwa, tukafunga vilivyosalia. Memory ikashuka hadi 68.

Kisha tukatazama programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowashwa. Task Manager huzionyesha mahali palipoandikwa Startup. Zilikuwa 11: ya mikutano, ya muziki, mbili za michezo, ya printa ambayo haimo tena nyumbani, na nyinginezo. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kilikuwa kimejaa. Tukazizuia 8 zisijiwashe. Hatukuzifuta, maana akizitaka atazifungua mwenyewe. Tukaona pia programu mbili za kuzuia virusi zikifanya kazi pamoja, kila moja ikikagua faili ile ile ambayo mwenzake amekwisha kuikagua. Tukaondoa moja.

Tukaiwasha upya na kupima: Memory asilimia 48, Disk 6 baada ya kutulia. Insha ile ile ilifunguka kwa sekunde 35. Hatukununua kitu. Kijana alirudi nyumbani na kompyuta yake, na fedha ya baba ikabaki mfukoni.

MAMBO MENGINE YA KUTAZAMA

Kuzima si kuwasha upya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa huhifadhi sehemu ya hali yake katika diski ili ziwake upesi kesho. Kwa hiyo aliyeizima kila usiku huweza kukuta kwamba mfumo wake haujaanza upya tangu wiki tatu. Task Manager huonyesha muda huo katika ukurasa wa CPU. Ukitaka kuanza upya kweli kweli, chagua Restart.

Kumbukumbu inayovuja. Ziko programu ambazo huomba nafasi na kusahau kuirudisha. Dalili yake ni tarakimu inayopanda saa baada ya saa, ijapokuwa kazi ni ile ile. Pima saa mbili, saa tatu na saa nne. Ikiwa yapanda tu, ifunge programu hiyo na kuifungua tena, kisha utafute toleo lililosahihishwa.

Diski iliyojaa. Chumba cha nyuma kikijaa, meza haina pa kupeleka vitu. Acha nafasi. Picha na filamu zihamishie kwenye diski ya nje.

Programu za kusafisha RAM. Huahidi mengi, na kazi yake kubwa ni kuvisukuma vitu vilivyomo mezani viende kwenye diski. Tarakimu hushuka, mwenye kompyuta hufurahi, na dakika ya pili vitu vyote hurudishwa kwa mwendo wa diski. Usizipakue. Baadhi yake huwa na virusi ndani.

WAKATI WA KUNUNUA NA CHA KUNUNUA

Yawezekana ukafanya yote haya na meza ikazidi kujaa kwa kazi halali. Hapo ndipo ununue, lakini si lazima kompyuta nzima.

Diski ya sahani yaweza kubadilishwa kwa diski isiyozunguka, iitwayo SSD. Hiyo hufikia kitu kwa muda ulio karibu na sehemu moja ya mia ya ule wa sahani. Kwa kompyuta nyingi za zamani, badiliko hili moja huhisiwa kuliko jingine lolote. Nakili faili zako zote mahali pengine kwanza.

Kumbukumbu yaweza kuongezwa, lakini uliza kwanza mambo matatu: je, kuna nafasi ya kuichomeka, au iliyomo imeunganishwa kwa risasi wala haitoki? Je, ni DDR3 au DDR4, maana moja haiingii mahali pa nyingine? Na je, Windows iliyomo ni ya biti 32? Ikiwa ndivyo, haitatumia zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiweka 8.

Tena, huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Hicho ni kiasi cha chini tu. Mwenye 4 atakuwa ukingoni tangu siku ya kwanza. Wengine huweka Linux ya aina nyepesi, na kompyuta ikaendelea kufaa kwa insha na masomo.

Wazazi, fundi akiwaambia kompyuta haifai, mwombeni awaonyeshe tarakimu. Fundi mwema hatachukizwa, maana naye hupima. Nanyi wanafunzi, mkiwa na daftari na saa ya mkononi mwaweza kuzipata tarakimu hizo kabla hata ya kwenda kwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta ina gigabaiti 4. Mfumo watumia 1.5, kivinjari 1.8, na programu zilizojiwasha 0.9. Je, zatosha? Ziada yaenda wapi?

2. Eleza tofauti ya meza tupu na meza yenye nafasi inayopatikana.

3. Memory ni asilimia 40, CPU 8, Disk 100 kwa saa nzima. Je, kununua RAM kutasaidia? Toa sababu.

4. Kwa nini tulibadili jambo moja na kupima, badala ya kubadili yote kwa pamoja?

Majibu yaletwe maabara kabla ya muhula kufungwa.