Chuma Hakisahau: Somo Kuhusu Kasi, Uchakavu na Hatari ya Silaha Kuukuu



Katika mikutano yetu na wananchi wa mipakani, vijana wamekuwa wakituuliza habari za watu wanaowaona kwenye simu wakifyatua bastola kwa kasi isiyofuatika kwa macho. Wanauliza: je, ni kweli? Na bastola ile haiharibiki? Tumeona vema kulijibu swali hili kwa somo kamili, kwa sababu ndani yake mna jambo linalomhusu kila mtu anayeishi karibu na bunduki, awe anaimiliki au jirani yake ameifukia nyuma ya boma.

Mchezo wa kasi na watu wake

Bastola inayozungumziwa ni rivolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi 5, 6 hadi 8. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola ya namna hii mwaka 1836. Baadaye zikatengenezwa rivolva ambazo mvuto mmoja wa kifyatulio hufanya kazi zote kwa pamoja: huzungusha silinda, huinua nyundo, kisha huiachia nyundo ianguke na kuwasha fataki iliyo kitakoni mwa risasi. Ni rivolva za aina hiyo zilizozaa mashindano ya kasi.

Mwaka 1932, Mmarekani Ed McGivern alifyatua risasi 5 kwa sehemu 45 za mia za sekunde moja, akiwa umbali wa karibu mita 4 na nusu, na matundu yote 5 yakaweza kufunikwa kwa sarafu moja. Mwaka 1999, Jerry Miculek, naye wa Marekani, alifyatua risasi 8 kwa sekunde 1 kamili. Mwaka huohuo alifyatua risasi 6, akajaza silinda upya, akafyatua 6 nyingine, na yote hayo yakamchukua sekunde 2.99. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ni kweli. Jibu la swali la pili ndilo linalohitaji maelezo marefu.

Kinachotokea ndani ya chuma

Tuichunguze rivolva kama fundi anavyoichunguza. Kila kifyatulio kinapovutwa, silinda huzunguka hatua moja, kisha kipande kidogo cha chuma huruka na kuingia katika kijishimo kilicho ubavuni mwake ili kuisimamisha. Kazi ya kipande hicho ni kuhakikisha kwamba tundu lenye risasi limekaa sawasawa na mtutu. Mtu akifyatua polepole, silinda husimama kwa upole. Akifyatua kwa kasi ya mashindano, silinda husimamishwa ghafla, mfano wa ng'ombe anayekimbia akafika mwisho wa kamba. Kishindo ni kidogo, lakini kikirudiwa mara elfu nyingi, ukingo wa kijishimo hufumuka, kile kipande nacho hulika, na silinda huanza kucheza.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Silinda isiposimama mahali pake, risasi hutoka ikigonga ukingo wa mtutu badala ya kuingia katikati. Vipande vya chuma laini hunyolewa na kurushwa pembeni kupitia mwanya ulio baina ya silinda na mtutu. Huweza kumpata mpigaji usoni, au kumpata aliyesimama kando yake. Risasi ikigonga vibaya zaidi, msukumo wa gesi hupanda kupita kiasi, na silaha yenyewe huweza kupasuka.

Uchakavu hauishii hapo. Moto wa baruti hula mdomo wa mtutu kidogo kidogo. Gesi ya moto inayopenya katika ule mwanya huchora mfereji mwembamba kwenye chuma cha juu. Springi hulegea, na nyundo ikipoteza nguvu, fataki haiwaki au huwaka kwa kuchelewa. Mpigaji aliyesikia mlio hafifu wa nyundo tu, akageuza mdomo wa bastola kuangalia kulikoni, huweza kufyatukiwa wakati huo.

Ndiyo maana washindani wa kweli hawaringi kwa kasi pekee. Wengi huhesabu risasi walizopiga na kuziandika daftarini. Hutumia risasi zenye baruti ya kiasi. Hubadilisha springi kabla hazijachoka, na huipeleka bastola kwa fundi ikianza kucheza. Huvaa miwani ya kukinga macho na vifaa vya kukinga masikio, na hupiga katika uwanja uliotengwa, wenye kingo za udongo na msimamizi mwenye mamlaka ya kusimamisha mchezo. Mtazamaji wa simu huona sekunde moja ya ufyatuaji. Haoni saa nyingi za matunzo zilizo nyuma ya sekunde hiyo.

Bunduki isiyo na daftari

Sasa tuitoe rivolva ya uwanjani, tuitazame bunduki iliyofichwa kwenye dari ya nyumba mpakani. Sheria ya chuma ni ileile, ila hapa hakuna anayehesabu.

Wazee wa Karamoja wanakumbuka mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka na ghala la silaha la kambi ya Moroto likaporwa. Bunduki iliyotoka ghalani siku zile sasa ina zaidi ya miaka 40 nje ya mikono ya fundi. Imepita kwa mikono mingapi? Imefyatua risasi ngapi? Imelala ardhini masika mangapi? Hakuna ajuaye, hata yule anayeilalia kila usiku akiamini inamlinda.

Silaha ya namna hiyo hubeba maradhi ambayo macho hayayaoni. Fataki za risasi nyingi za kale huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu iwapo bunduki haikusafishwa mapema. Silaha iliyofukiwa huingia udongo. Iliyotundikwa muda mrefu, nyigu huweza kujenga humo. Mtutu ulioziba, hata kwa tope kidogo, huizuia risasi njiani, na nguvu iliyokusudiwa kwenda mbele hurudi kutafuta pengine pa kutokea. Pengine hapo ni mkono na uso wa mwenye silaha. Risasi zenyewe nazo huzeeka: baruti iliyolowa huweza kuisukuma risasi ikaishia katikati ya mtutu, na mtu asiyejua akifyatua ya pili, hukutana na janga.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayeficha bunduki kuukuu kwa hofu ya wezi wa mifugo ana hofu yenye sababu, nasi hatuidharau. Watu wamepoteza ng'ombe, na wengine wamepoteza ndugu. Zoezi la kukusanya silaha Karamoja lilipoanza mwishoni mwa mwaka 2001, wapo waliosalimisha bunduki zao, kisha wakavamiwa na majirani ambao hawakusalimisha zao. Kumbukumbu hiyo ni chungu, na afisa yeyote anayezungumza na wananchi bila kuikubali hatasikilizwa. Lakini ukweli wa chuma haubadilishwi na uchungu huo. Silaha iliyokwisha ndani humsaliti mwenyewe saa ileile anayoihitaji, na kabla ya saa hiyo huweza kumuua mtoto aliyeikuta akicheza.

Uchakavu kama ushahidi

Lipo jambo la pili ambalo chuma hulihifadhi. Katika kila bunduki, sindano inayogonga fataki, uso wa chuma unaoegemea ganda la risasi, na michirizi iliyomo ndani ya mtutu huacha alama. Vifaa vya kiwandani huacha mikwaruzo midogo inayotofautiana, na matumizi ya miaka huongeza mingine. Kwa hiyo ganda lililookotwa mahali pa uhalifu huweza kulinganishwa chini ya darubini na ganda lililofyatuliwa kwa makusudi ya uchunguzi. Wataalamu wa mwanzo wa elimu hii, kama Calvin Goddard wa Marekani, waliitumia kutambua bunduki zilizotumika katika mauaji ya Chicago ya mwaka 1929.

Hapa kwetu, mnamo Juni 8, 2018, Mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake, nje kidogo ya Kampala. Siku 12 baadaye, Rais Museveni alilihutubia Bunge akataja miongoni mwa hatua za usalama kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama, mfano wa alama za vidole vya binadamu. Maana yake ni kwamba silaha hufyatuliwa mbele ya wataalamu, na ganda na risasi yake huhifadhiwa pamoja na namba ya silaha na jina la anayewajibika nayo.

Msomaji makini atauliza: ikiwa bunduki huendelea kulika, alama hizo hazibadiliki? Hubadilika, lakini kwa kawaida polepole, na si zote kwa kasi moja. Mtutu ukibadilishwa, alama za kwenye risasi hubadilika, ilhali zile za kwenye ganda huweza kubaki. Kwa sababu hiyo mtaalamu hategemei alama moja tu. Aliyedhani kwamba kukwangua namba ya bunduki kunaifuta historia yake amejidanganya.

Nchi jirani nazo zina wajibu kama huu. Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo ilitiwa saini Aprili 21, 2004, na Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zilizotia saini. Inazitaka nchi hizo kuziwekea silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Bunduki huvuka mpaka usiku katika gunia la mahindi. Kumbukumbu zinapaswa kuvuka mchana, kutoka ofisi hadi ofisi.

Nini kifanyike

Kwanza, ukikuta bunduki au risasi, usiiguse, usiijaribu, wala usiisafishe. Waondoe watoto, weka alama ya kukumbuka mahali, kisha mwarifu mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 999 au 112.

Pili, ikiwa silaha iko mikononi mwako bila kibali, usiibebe barabarani kuileta kituoni. Kuibeba kunaweza kukufanya uonekane mhalifu, na silaha mbovu huweza kufyatuka njiani. Tanguliza taarifa kwa afisa wa mahusiano ya jamii, kiongozi wa dini au mzee unayemwamini, ili polisi waifuate ilipo.

Tatu, risasi kuukuu zisitupwe motoni, chooni wala kisimani.

Nne, mwenye kibali halali aipeleke silaha yake kukaguliwa na fundi anayetambuliwa, na aandike kila matumizi yake kama wafanyavyo washindani.

Maswali ya kujadili kijijini

1. Kwa nini mshindani huhesabu risasi zake, na kwa nini mwenye bunduki ya kificho hawezi kufanya hivyo?
2. Ni sehemu zipi za silaha huchakaa bila kuonekana kwa nje?
3. Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wana hofu gani inayofanana na yetu, na ni nani kijijini anayeweza kuzungumza nao ili pande zote mbili zisalimishe silaha kwa wakati mmoja?

Tunawaomba viongozi wa vijiji walijadili swali la tatu kwa kirefu, na majibu yao wayafikishe kwa afisa wa mahusiano ya jamii wa wilaya. Mawili ya kwanza tunaweza kuyajibu sisi tulio Kampala. Hilo la tatu linawahitaji ninyi mnaoishi hapo, mnaowajua majirani kwa majina na mnaoonana nao kila siku ya soko.