Chungu cha Chuma na Upungufu wa Damu

Kama mnacho chungu kizito cha chuma, msikiache stoo kwa kupenda wepesi wa alumini. Utafiti wa Ethiopia uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walikuwa na upungufu wa damu mara chache kuliko wa alumini. Madini ya chuma huingia chakulani, hasa penye nyanya, limau au ukwaju. Pikeni humo matembele na nyanya za Mgeta. Wali wa kupalia nao hupendeza, ila jiko la mkaa liwe nje, hewa yake huua. Chai ingoje saa moja. Mkishaosha, kausheni motoni na kupaka mafuta, kisishike kutu.

Mwenye selimundu amwulize daktari kwanza. Mtoto aliyepauka viganja apelekwe zahanati. Huenda ni malaria au minyoo, na hapo chungu hakitoshi.