Mijusi Wakaao Mawe na Majina Yao

Mkaaji wa Tudor, katika kisiwa cha Mombasa, huwaona mijusi kila siku. Usiku mjusi kafiri hutambaa ukutani karibu na taa akikamata wadudu. Mchana, penye majabali ya matumbawe kando ya bahari, hupita mjusi mwingine mdogo, mwembamba, mwenye magamba yang'aayo. Na msafiri aendaye bara, afikapo Voi, humwona wa tatu akiota jua juu ya mwamba: kichwa chekundu, mwili wa buluu, naye hutikisa kichwa juu na chini. Kwa Kiswahili wote ni mijusi. Lakini kwa wataalamu wa elimu ya wanyama ni watu wa jamaa tatu mbalimbali, kama walivyo paka, mbwa na fisi.

Desturi ya kuwapa wanyama majina mawili ya Kilatini ilithibitishwa mwaka 1758 na Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden. Jina la kwanza ni la kundi. La pili huonyesha aina yenyewe. Kwa njia hii mtu wa Mombasa na mtu wa London waweza kuzungumza juu ya mnyama mmoja bila ya kukosana.

Je, mjusi hujulikanaje ni wa jamaa gani? Si kwa rangi, bali kwa umbo. Mjusi kafiri ana ngozi laini, na chini ya vidole vyake mna vinyweleo vidogo mno vimwezeshavyo kushika ukuta. Yule wa kichwa chekundu ana magamba ya kukwaruza, na kope zake hufumba. Yule wa majabali ya pwani ana magamba laini yaliyopandana kama vigae vya paa. Jicho lake halifumbi kamwe, kwa maana limefunikwa na gamba angavu mfano wa kioo cha saa. Jina lake ni Cryptoblepharus africanus, na neno hilo la kwanza, lililotoka katika Kiyunani, maana yake ni kope iliyofichika. Maji yakipwa hushuka kutafuta wadudu na viumbe vidogo vya baharini; mawimbi yakija hukimbilia nyufani.

Rangi huwadanganya wengi. Mjusi dume wa kichwa chekundu akiogopa, au akishindwa na mwenziwe, rangi zake hufifia. Na jike lake ni la rangi ya udongo. Mtu asiyejua atadhani dume na jike ni aina mbili. Kinyume chake, katika miamba ya Mwanza, Serengeti na Maasai Mara yuko mjusi mwingine ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, ila kichwa ni bapa zaidi. Huyo ni aina ya peke yake, Agama mwanzae, aliyepewa jina na Arthur Loveridge mwaka 1923.

Wataalamu nao walishindana kwa muda mrefu. Mwaka 1896 George Boulenger, wa jumba la makumbusho la London, alimwita mjusi wetu Agama lionotus. Baadaye wengine walisema huyo ni tawi tu la Agama agama, aina waliyodhani imeenea toka Afrika ya Magharibi mpaka Kenya. Katika miaka ya 2000 walilinganisha tena magamba ya mijusi hao, wakapima na asili yao ya urithi iliyomo ndani ya mwili. Ikaonekana kwamba chini ya jina moja zilijificha aina kadha wa kadha. Mwaka 2009 jina la Agama agama lilifungwa na mijusi wa Cameroon, na mjusi wa Kenya akabaki na jina lake la 1896.

Pengine msomaji atauliza, kuna faida gani katika mabishano hayo? Faida ni hii. Ikiwa mijusi wote ni aina moja, wakitoweka mahali pamoja watu husema, "Si neno, wako wengine kwingine." Lakini ikiwa ni aina ya peke yake, wakiisha mahali pao wameisha duniani. Mjusi wa majabali ya pwani hana kwao pengine ila ukingo mwembamba wa mawe kati ya nchi kavu na bahari. Mawe hayo yakivunjwa yote kwa ujenzi, au yakichafuliwa kwa mafuta ya meli, hawezi kuhamia shambani.

Wala mijusi hawa wa mawe hawana sumu ya kumdhuru mtu. Yule atikisaye kichwa hamdhihaki apitaye. Huwaonya madume wenziwe wasiingie mwambani pake. Chakula chao kikubwa ni wadudu, na miongoni mwao wamo waharibuo mimea. Basi yafaa wazazi na walimu wawafundishe watoto wasiwapige mawe, bali wawatazame kwa makini: magamba yakoje, jicho lafumba au halifumbi, kichwa ni bapa au kimeinuka. Mtoto ajuaye kutazama hivyo ameanza elimu ileile waliyoitumia Boulenger na Loveridge.