Tini za Hezekia

Fungua 2 Wafalme 20:1–7. Mungu alishamwahidi Hezekia kupona na miaka 15 zaidi, lakini Isaya bado akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu.

Basi wewe uliyeanguka na bodaboda ukawekewa chuma mguuni, mbona umeacha kliniki ya mazoezi eti unangoja muujiza? Mwili hurudi polepole, hata wa bingwa. David Rudisha alikosa mashindano ya dunia ya Moscow 2013 kwa jeraha la goti. Glasgow 2014 akashindwa na Nijel Amos. Dhahabu ya Rio ikaja 2016.

Weka daftari kama la duka: leo hatua 10, kesho 12. (Siku mauzo ni haba, hatufungi duka.) Nauli ya kliniki ikikosekana, mwambie mzee wa ushirika wako wa nyumbani mapema.