Sikukuu Zetu Mbili na Pishi ya Mchele



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, somo letu ni sikukuu za Kiislamu. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina aliwakuta watu wake wana siku mbili za michezo walizozizoea tangu zama za ujahilia. Akawafahamisha kuwa Allah amewabadilishia kwa siku mbili zilizo bora zaidi, nazo ni Idil-Fitri na Idil-Adh-ha.

Idil-Fitri ni tarehe 1 Shawwal, mwezi ambao wazee wetu wa pwani huuita Mfunguo Mosi, kwa kuwa huhesabu miezi tangu kufunguliwa saumu ya Ramadhani. Idil-Adh-ha ni tarehe 10 Dhul-Hijja, yaani Mfunguo Tatu. Mwaka wetu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Ndiyo maana Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2000, kwa mfano, Idil-Fitri ilisaliwa mara mbili, Januari na tena Desemba.

Zipo siku nyingine tukufu. Tarehe 9 Mfunguo Tatu ni siku ya Arafa, na tarehe 10 Muharram ni Ashura; siku hizi ni sunna kuzifunga. Tarehe 12 Mfunguo Sita ndugu zetu wengi husoma Maulidi, na Lamu hupokea wageni kutoka mbali kwa ajili hiyo. Wapo wanazuoni wasioafiki jambo hilo. Tujifunze hoja zao kwa adabu, wala tusivunjiane heshima.

Siku za Idi ni sunna kuoga, kuvaa nguo nzuri tulizo nazo, kuleta takbira, na kwenda kusali kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Idil-Fitri tunakula tende kwa idadi ya witri kabla ya kutoka. Idil-Adh-ha tunachelewesha kula mpaka baada ya sala. Sala ni rakaa 2, haina adhana wala ikama, na hotuba huja baada yake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, rakaa ya kwanza ina takbira 7 baada ya takbira ya kuhirimia, na ya pili takbira 5 kabla ya kisomo. Mnyama wa udh-hiya huchinjwa baada ya sala. Kondoo au mbuzi ni wa mtu 1, ng'ombe au ngamia ni wa watu 7. Ni haramu kufunga siku zote mbili za Idi.

Sasa tuje kwenye jambo linalosahauliwa, Zakatul-Fitri. Kila Mwislamu mwenye uwezo hujitolea yeye na wale anaowalisha, hata mtoto mchanga, pishi 1 ya chakula cha mji. Pishi ni vibaba 4, takriban kilo 2 na nusu hadi 3 za mchele. Inajuzu kuitoa tangu kuingia Ramadhani, na bora ni asubuhi ya Idi kabla ya sala. Kuichelewesha bila udhuru mpaka jua la siku hiyo lichwe ni haramu.

Sisi tunaoandika haya yalitupata. Mwaka mmoja tulikusanya mchele wa kutosha, tukauweka chumbani, tukasema tutaugawa tukitoka kusali. Tulipobisha hodi nyumba ya mwisho ilikuwa karibu adhuhuri. Mama mwenye nyumba alitupokea vizuri, akashukuru, kisha akasema, "Wanangu wameshakwenda kula kwa watu." Hakutulaumu. Tulirudi kimya, maana zaka hii iliwekwa ili maskini asiombe siku ile, na sisi tulikuwa na chakula chake tangu jana. Tangu hapo mchele hugawiwa usiku wa kuamkia Idi, na hatulali mpaka gunia liwe tupu.

Basi wanafunzi, kabla hujauliza kanzu yako imeshonwa au bado, muulize baba, "Pishi zetu zimeshatoka?" Na ukijua nyumba isiyo na kitu, mwambie mwalimu wako mapema, kwa siri.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini Shawwal huitwa Mfunguo Mosi?
2. Taja tofauti 2 kati ya Idil-Fitri na Idil-Adh-ha.
3. Nyumbani kwenu mko wangapi, na zitatoka pishi ngapi?

Allah atutakabalie saumu zetu na zaka zetu. Amin.